Masika Niliyolala Chini ya Chandarua

Mimi nilipona. Naanza na hilo kwa sababu wewe unayesoma huenda umelala kitandani sasa hivi, au umekaa kwenye benchi la hospitali unamngoja mtu wako, na unataka kujua mapema kama anayesimulia alitoka mzima. Nilitoka. Ila masika yale tuliingia hospitalini watatu, mke wangu, mimi na mtoto aliyekuwa tumboni, na waliorudi nyumbani ni wawili.

Jambo la pili: mimi si mtu mjinga. Nilizaliwa Didia, Shinyanga, nikachunga ng'ombe wa baba hadi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja ndipo nikaingia darasa la kwanza, nikiwa mrefu kuliko meza ya mwalimu. Nilimaliza nikiwa wa kwanza. Nilibeba marobota ya pamba kiwandani mchana, jioni nikasoma kwa taa ya chemli, mpaka nikapata nafasi ya kwenda Ulaya ya Mashariki. Nilikaa huko miaka sita nikarudi na diploma ya ufundi wa mitambo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma yangu iko ukutani hadi leo, ndani ya fremu niliyoipiga randa mwenyewe. Atakayeona najivuna, naye akipata yake ajivune.

Nilirudi miaka ile ya sabuni na sukari kuadimika, nikamwoa Minza, binti wa jirani zetu wa Didia, tukahamia Buseresere. Nilipachagua kwa akili. Magari ya barabara ya Biharamulo hupita pale, wakulima wanataka kusaga, na wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Geita walikuwa na pampu zinazokufa kila wiki. Nilifunga mashine ya kusaga, nikatengeneza pampu zao, na mwaka wa pili nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati. Watu waliacha kuniita jina langu, Masalu. Wakaniita Diploma.

Matofali yale niliyatoa uwanjani kwangu. Wengine huchimba udongo bondeni wakaubeba kichwani. Mimi nilipiga hesabu nikaona ni ujinga kubeba udongo na kubeba maji, nikachimba hatua kumi na tano kutoka dirisha la chumba chetu. Mvua zilipoanza shimo likajaa, na nikaona nimepata faida juu ya faida. Maji yale niliyachota kupozea injini. Wanawake waliokuja kusaga waliyachota kufulia, maana kisima kilikuwa mbali. Walinishukuru sana. "Bwawa la Diploma," walisema, na mimi nilipenda kulisikia hilo.

Kilichokosekana ndani ya nyumba ile ni mtoto. Miaka mitatu ilipita, na mama yangu, ambaye kwa Kisukuma tunamwita Mayu, kila alipokuja kututembelea alimtazama Minza kiunoni kabla ya kuitikia shikamoo. Kwa hiyo Minza alipopata mimba sikuwa mtu wa kawaida. Nilitengeneza kitanda kidogo cha mninga kabla mimba haijaonekana. Mayu akahamia kwetu kabisa.

Sasa nitaeleza makosa yangu, na sitayapunguza, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika.

Tulikuwa na chandarua kimoja, kizuri, cheupe, nilichorudi nacho kutoka Dar es Salaam. Kilikuwa juu ya kitanda cha wageni. Kwetu ndivyo ilivyo: kizuri ni cha mgeni, na chumba cha wageni huachwa mlango wazi ili anayepita aone. Minza alipofikisha miezi mitano aliniomba tukihamishe.

"Baba, mbu wa chumbani kwetu wamezidi. Kile cha wageni kinalala chenyewe."

"Mgeni akija je? Alale na mbu, akaseme nini huko kwao?"

"Mgeni gani? Tangu Krismasi hajaja mtu."

"Atakuja," nilisema, na mjadala ukaisha, kwa sababu mijadala ya nyumbani kwangu niliimaliza mimi.

Kosa la pili lilikuwa vidonge. Kliniki ya wajawazito ilimpa Minza klorokwini za kumeza kila wiki ili asipate malaria. Zilimtapisha. Mimi nikamwambia aache. Nilimwambia kwamba kule nilikosoma mwanamke mjamzito hapewi dawa ovyo, hata kidonge cha kichwa. Hiyo ilikuwa kweli. Ila kule nilikosoma hakuna mbu wa malaria, na hilo sikulisema kwa sababu halikunijia kichwani. Minza aliniamini. Alivificha vidonge ndani ya kopo la majani ya chai, akiwa kliniki anasema anameza.

Kosa la tatu ni Bwana Athumani. Alikuwa bwana afya wa eneo letu, mtu wa Tabora, mwembamba, mwenye baiskeli iliyolia kila mahali isipokuwa kengele. Alikuja siku ya kusaga, watu wamejaa. Alichota maji ya bwawa kwa bakuli jeupe la bati akaliweka mbele yangu.

"Fundi, tazama."

Nilitazama. Viluwiluwi vilikuwa vinapinda na kunyooka, vingi mno.

"Samaki wangu hao," nikasema. Watu wakacheka.

"Hawa wakiota mabawa watakula nyumbani kwako kwanza. Lifukie shimo hili, Fundi. Kama huwezi leo, mwaga mafuta juu ya maji, hata oili chafu ya injini yako. Wanakosa pumzi, wanakufa."

"Niharibu maji ya akina mama kwa oili? Bwana Athumani, wewe kozi yako ilikuwa ya miezi mingapi?"

"Tisa."

"Mimi miaka sita." Nilionyesha dirisha la sebule, ambako fremu ilionekana. "Na miaka sita yote sikuugua homa hata siku moja. Damu yangu imezoea baridi. Hizi homa zenu za kienyeji zimekwisha kunikosa."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Bwana Athumani alimwaga maji yake taratibu, akafuta bakuli kwa leso. "Hujaugua ndiyo maana nakuogopea," alisema. "Mwili uliokaa mbali na malaria husahau kupigana nayo. Sisi tunaoumwa kila mwaka inatuangusha siku tatu. Wewe ikikupata..." Aliniuliza tu kama mama wa nyumbani anameza vidonge vyake. Nikamwambia hayo ni ya ndani.

Homa ilinijia katikati ya masika. Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu. Siku ya pili viungo vilivunjika kana kwamba nimepigwa rungu, nikameza klorokwini mbili. Zikaniwasha. Asiyewahi kuwashwa na klorokwini hajui: ni kuwashwa kusikokunika, kuko chini ya ngozi, mpaka nyayoni. Nilijikuna kwa brashi ya waya ya karakana. Niliziacha zilizobaki, nikapata nafuu kidogo, nikarudi kwenye mashine nikijigamba kwamba mbili zinanitosha. Siku ya sita nilianguka kando ya injini ikiwa inanguruma.

Yaliyofuata nusu ninayakumbuka na nusu nimesimuliwa. Nilianza kusema lugha ya kule nilikosoma. Niliwatukana watu kwa lugha hiyo, niliwapa wengine amri za kufungua valvu. Majirani walijaa uani. Nilikuwa nawasikia, na hilo ndilo baya: niliwasikia vizuri, lakini mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi yake peke yake.

"Masomo yamempanda kichwani," mmoja alisema.

"Si masomo. Mtu akipanda haraka hivi lazima kuna aliyemtazama kwa jicho baya," alisema mwingine.

Mayu alikuwa analia. "Tumrudishe Didia. Kuna mganga kule alimtibu mjomba wake, alikuwa anaongea hivihivi."

Ndipo nikamsikia Minza, ambaye miaka mitatu sikumsikia akibishana na mtu mzima. "Mayu, nisamehe. Didia ni mbali, hafiki. Tunakwenda hospitali. Ukitaka kunifukuza nifukuze tukisharudi."

Nilitaka kusema kwamba mke wangu amesema kweli. Nilitoa amri nyingine ya valvu.

Walinipakia kwenye lori la pamba lililokuwa linapita, juu ya magunia matupu. Minza alikalia bodi la lori, tumbo la miezi saba, akinishika kichwa kisigonge. Mvua ilitunyeshea njia nzima. Hospitali ya misheni tuliikuta imefurika. Benchi lilikuwa refu kama la stesheni, na kila aliyekalia alikuwa na mtoto mwenye kichwa kilicholegea. Nakumbuka miguu tu, maana nilikuwa nimelazwa sakafuni: miguu yenye matope, ndala, kiatu kimoja cha mtoto. Nakumbuka nilihesabu miguu nikaona haifiki idadi ninayoitaka, nikalia.

Nilitundikiwa dripu ya kwinini. Ukitaka kujua kwinini ni nini, ni kengele. Inaanza kwa mbali, kisha inaingia ndani ya kichwa, kisha hakuna kingine. Siku ya pili nilikuwa kiziwi. Watu walifungua midomo na kuifunga kama samaki. Mimi ambaye nilikuwa natambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu barabarani, sikusikia hata sahani ya bati ilipoanguka kando ya kitanda changu.

Mwili wangu ulikwisha. Suruali niliyokuja nayo kutoka Ulaya ilizunguka kiuno changu mara moja na nusu. Mate yalikuwa machungu, mkojo kama chai ya rangi. Walinilisha uji kwa kijiko. Walinigeuza. Walinifuta. Mtu wa diploma anafutwa na msichana mwenye umri wa mpwa wake, wala hana nguvu ya kuona aibu. Namshukuru msichana yule. Kila aliponifuta alinifunika haraka.

Siku ya nne Mayu alifika kwa basi kutoka nyumbani, ameleta unga, kuni kidogo na kitu cheupe ndani ya kapu. Ni chandarua cha wageni. Alisimama juu ya kiti akakifunga kwenye misumari ya ukutani, akanizungushia vizuri, akachomeka pembe chini ya godoro. Wodi nzima walimtazama.

Na Minza, kama wauguzaji wote wa hospitali ile, alilala chini ya kitanda changu, kwenye mkeka, juu ya saruji. Ndivyo ilivyo. Mgonjwa kitandani, mwenye mgonjwa uvunguni. Mayu alikuwa na mahali kwa jamaa wa karibu na hospitali. Minza alikataa kuniacha. Kila nilipoamka niliona mkono wake ukitoka uvunguni kupiga mbu, kisha ukirudi. Mimi nilikuwa ndani ya kitambaa cheupe kama bibi harusi. Miezi miwili nilikuwa nimemnyima kitambaa hicho, na sasa nilikuwa nacho peke yangu, na sikuwa na sauti ya kumwambia kichukue. Au sauti nilikuwa nayo. Akili ndiyo haikufika hapo. Sijui. Nimejiuliza mara nyingi.

Siku ya saba dripu ilitolewa. Asubuhi hiyo Minza aliinua pembe ya chandarua, akapiga magoti kando ya kitanda, akaniambia jambo. Alisema polepole, akinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni usingizi. Kengele zilikuwa bado zinalia kichwani. Sikutaka ajue kwamba sijasikia, kwa sababu siku zile nilikuwa nachukia kuonekana kiziwi kuliko nilivyochukia ugonjwa. Nikaitikia kwa kichwa: sawa. Nikatabasamu. Kisha nikamwomba uji.

Alikaa kidogo, akasimama akaniletea uji.

Alichokuwa amesema nilikijua baadaye kwa Mayu, aliyeambiwa na Minza mwenyewe. Alisema: "Tangu jana jioni ninatetemeka, na mtoto amepunguza kucheza. Niwaambie masista, au ningoje?"

Mimi nilikuwa nimemjibu: sawa. Naye alikuwa mwanamke aliyezoea kwamba mimi ndiye ninayejua. Akangoja. Kesho yake mchana alianguka kwenye foleni ya maji; malaria ilikuwa imemwanzishia uchungu kabla ya wakati.

Wodi ya wazazi mwanamume haingii. Nilijikokota kwa kushika ukuta nikakaa kwenye ngazi za nje. Mayu aliingia na kutoka, kila akitoka namtazama uso, maana masikio sikuwa nayo. Alipotoka mara ya kwanza uso ulikuwa umefunga. Mara ya pili alikuwa anasugua viganja. Mara ya tatu aliinua kidole kimoja, kisha akaweka mikono kama anayebembeleza, kisha akaonyesha ukubwa: kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Mtoto wa kiume. Mdogo. Hai.

Nilipata ruhusa ya kumwona kupitia dirishani. Walimweka ndani ya sanduku la mbao lenye pamba, na kandokando chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kanga, kwa sababu mashine ya kupashia watoto joto iliharibika na spea hazikupatikana nchini. Niliposikia, yaani nilipoandikiwa kwenye karatasi, kwamba ni mashine, niliomba nionyeshwe. Hilo lilikuwa langu. Nilikalishwa mbele yake kwenye stoo, nikaifungua kwa kisu cha mezani, mikono inatetemeka kiasi kwamba skrubu zilinidondoka. Waya wa kupasha joto ulikuwa umekatika sehemu tatu. Nyumbani ningekuwa na waya. Pale sikuwa na kitu. Nilijaribu kuuunga kwa bati la kopo la maziwa. Ukawaka dakika chache, ukakatika tena. Sista mkubwa aliniondolea kisu mkononi akanirudisha kitandani.

Nikabaki na kazi moja, kuangalia chupa zikibadilishwa. Nilijua kwa jicho lini zimepoa, nikagonga kioo cha dirisha, nesi akaja. Siku mbili niligonga kioo. Waliniacha nigonge, na ile ni huruma ambayo sijaisahau.

Kupitia kioo nilimwona mwanangu akilia. Alifungua mdomo, ngumi zikapanda, uso ukajikunja. Minza alikuwa amekaa kando yake, homa imeanza kushuka, anamsikiliza.

Siku ya tatu chupa zilikuwa za moto, nesi alikuwepo, hakuna lililosahaulika. Mtoto alififia tu. Minza hakumpa mtu yeyote mpaka jua lilipozama.

Mimi masikio yalifunguka siku tano baadaye, ndani ya basi la kurudi nyumbani. Sauti ya kwanza niliyoisikia ni kondakta akitukana tairi.

Sijui mbu aliyemwuma Minza alikuwa wa wodini au wa bwawani kwangu. Hilo swali nimelifikiria kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya, na halina jibu. Najua tu kwamba kama angekuwa anameza vidonge vyake, mbu yule, awe wa wapi, angemwuma bure au karibu na bure. Sista mkubwa aliniambia hivyo niliporudi baadaye kumuuliza, naye hakuwa mtu wa kupamba maneno.

Bwana Athumani alikuja kutupa pole. Nilimwona kwa mbali na baiskeli yake nikajiandaa kusimangwa. Aliegesha, akamsalimia Mayu, akakaa, akanywa uji, hakutaja maji. Mimi ndiye niliyesema.

"Nina koleo moja tu."

"Nimekuja na langu," alisema. Lilikuwa limefungwa kwenye baiskeli.

Nilikuwa sina nguvu ya kufukia. Nilimwaga oili chafu kwa kikombe, wao wakafukia: Bwana Athumani, wachimbaji wawili waliokuwa wananidai pampu, na Minza, ambaye hakuna aliyethubutu kumzuia. Ilichukua siku nne. Akina mama wa kusaga walinung'unika. "Sasa Diploma, kufua tufulie wapi?" Niliwaambia kisimani, na nikawaambia sababu, kwa sauti, mbele ya wote. Ilikuwa mara ya kwanza kusema maneno "nilikosea" nikiwa Buseresere.

Tangu hapo nimezunguka na bwana afya vijiji vingi hadi upande wa Chato, na nasema bila kuficha kwamba watu hunisikiliza mimi zaidi yake. Nawaambia hivi: udongo wa matofali chimba mbali na nyumba, na ukimaliza fukia. Pipa funika, kopo tupu pindua. Chandarua ni cha mama mwenye mimba na mtoto, mgeni atasamehe. Dawa ukianza maliza, hata ikikuwasha. Ikikuwasha rudi useme, usiamue mwenyewe. Na mke akikuambia neno usilisikie, mwambie arudie.

Minza alipata mimba nyingine mwaka uliofuata. Vidonge alimeza kila Jumapili mbele yangu, akitapika akarudia, akinitazama moja kwa moja. Chandarua alikihamisha mwenyewe. Mimi sikuulizwa.

Binti yetu alizaliwa kiangazi, mzito, mwenye hasira. Usiku wa kwanza, samahani, haikuwa hata usiku, ilikuwa saa kumi na moja jioni, Mayu akiwa jikoni, alilia mpaka kuku wakatawanyika uani. Nilicheka kwa furaha. Minza alimtazama, akanitazama mimi. Mwaka mzima na zaidi alikuwa hajamtaja yule wa kwanza hata mara moja, na mimi nilikuwa naogopa kumuuliza.

"Yule hakulia hivi," alisema.

Nikamsogelea nisikie vizuri.

"Alilia kidogo. Kama mtu anayepiga hodi, halafu anatega sikio, asiye na hakika kama wenyewe wapo."

Nilimwambia arudie. Akarudia.